Mugeni ni Wewe

Sehemu ya Tisa

"Mugeni ni wewe."

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Vestina, ndugu msomaji: amesimama mbele ya mkutano wa Umoja wa Wenye Nyumba wa Mtaa wa Minyaani, hapa hapa Kasulu, kengele mkononi, mdomo wazi kiasi cha nzi kuingia na kutoka bila kuripoti.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, tumhurumie na tumweleze. Mama Vestina ni matroni mstaafu wa shule ya bweni na mwenyekiti wa Umoja tangu Umoja uwe Umoja. Jumapili ile alikuwa anasoma kanuni ya wageni: kila mwenye nyumba atakayelaza mgeni amripoti kwa mwenyekiti kabla jua halijazama. Akauliza, kama anavyouliza kila mkutano, "Kuna mwenye mgeni?"

Mzee Ndayisenga akasimama. Huyu ni mfanyabiashara wa maharage, amefiwa na mke, na katika mikutano yote mchango wake umekuwa kukohoa. Akavua kofia. Akamtazama mwenyekiti usoni. Akatamka maneno yake matatu.

Mkutano ulilipuka. Vicheko, makofi, vigelegele. Mama mmoja alianguka pamoja na benchi lake na akaendelea kucheka akiwa chini.

Mama Vestina alifanya kile alichokifanya maisha yake yote bweni linapochafuka. Alipiga kengele.

"Kikao kimefungwa."

Akatembea hadi kwake, mgongo umenyooka kama fimbo ya bendera. Akafunga lango. Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Ndipo akakaa kwenye kochi, kengele mapajani.

Mgeni!

Alikuja Kasulu kutoka Sumbawanga akiwa msichana, sanduku moja la bati na cheti cha umatroni. Amezeekea hapa. Amejenga hapa, matofali ya kuchoma, bati jekundu. Kule kwao wamebaki makaburi na binti mmoja wa kaka yake. Na sasa amesimamishwa mbele ya watu na kuambiwa kwamba katika mtaa wote, asiye wa hapa ni yeye.

Na ameambiwa na nani! Na mtu ambaye wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi wamembeba mgongoni.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mzee Ndayisenga ni mtu wa ukamilifu katika matamshi. Kwake mtoto ni mutoto, mtu ni mutu, na mguu ni muguu. Kwa hiyo alipotamka mugeni, ile u haikumgusa Mama Vestina hata kidogo. Kilichomchoma ni maana. Wewe lakini, msomaji, ishike hiyo u. Iweke mfukoni. Usiipoteze njiani.

Maana pale shuleni Mama Vestina ndiye aliyekuwa mlinzi wa Kiswahili. Mwanafunzi aliyenaswa anaongea kilugha alitundikiwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake. Kiha kilizungumzwa chini ya blanketi, nyuma ya jiko, msalani, popote asipofika matroni. Miaka yote hiyo lugha ya watu wa hapa ilimpita Mama Vestina pembeni kama maji yanavyolipita jiwe. Akahamia mtaani, akapitisha kanuni: lugha ya kikao ni Kiswahili. Wakamtii. Walipotaka kuongea, walinyamaza kwanza hadi apite.

* * *

"Hodi, mwenyekiti."

Alikuwa Hilali, katibu wa Umoja, mtu wa Ujiji, shati limepigwa pasi hadi lingeweza kuhudhuria kikao peke yake.

"Karibu, Bwana Hilali. Kaa. Wewe unawaelewa hawa watu. Walicheka nini?"

Hilali akakohoa. Tukumbuke kwamba katibu huyu ana mashine ya kusaga nafaka, mpya, imelala uani kwake chini ya turubai, haijawahi kusaga hata kisado, kwa sababu kanuni ya kelele ya Mama Vestina hairuhusu.

"Mama, mimi sipendi kumuumiza mtu."

"Niumize."

"Wanataka uhame."

"Nihame?"

"Utoke kwenye nyumba hii. Mtaa wote unataka. Hata mke wangu anataka, mama, Mungu ananiona."

"Na Mzee Ndayisenga?"

Hilali akaangalia viatu vyake. "Huyo ndiye anayetaka kuliko wote."

Sasa sikiliza, msomaji, na ustaajabu: katika maneno hayo hakuna uongo hata mmoja. Mtaa ulitaka Mama Vestina atoke katika nyumba ile. Mzee Ndayisenga alitaka kuliko wote. Kila sentensi ilikuwa kweli tupu, na zote pamoja zilikuwa uongo uliopigwa pasi kama shati.

"Asante kwa ukweli," alisema Mama Vestina.

"Ndiyo kazi ya katibu, mama."

Alipoondoka, Mama Vestina alipika. Ugali wa muhogo, dagaa wa mawese. Alipakua kwenye sahani moja, akaweka mezani, akakaa upande uleule anaokaa siku zote, akitazamana na kiti kitupu ambacho mto wake bado ni mpya. Redioni vijana walikuwa wanatumiana salamu. Fulani wa Murungu anamsalimu fulani wa Kakonko na wote wanaomfahamu. Akasikiliza hadi mwisho, kama anavyosikiliza kila siku. Akazima.

* * *

Katikati ya wiki, alasiri, Mzee Ndayisenga alionekana anapanda barabara.

Alivaa koti la kanisani. Kofia aliishika mkononi kabla hata hajafika. Kwenye mkono mwingine alipakata kibuyu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, shingo ya kibuyu imezibwa kwa jani la mgomba, na kwenye jani imechomoza mirija miwili, imefungwa pamoja kwa uzi mwekundu.

Kwenye bomba la mtaa akina mama waligeuka kumtazama. Ndoo ilijaa, ikamwagika, hakuna aliyefunga koki. Na kanuni ya maji inasema nini? Achana nayo. Siku hiyo hakuna aliyeikumbuka.

"Amahoro, mama," alimsalimu Mama Vestina langoni kwake.

"Mzee Ndayisenga. Una malalamiko?"

"Sina malalamiko. Nina kibuyu."

"Nakiona. Kuna nini ndani?"

"Pombe ya ndizi. Nimekamua mwenyewe. Sikumwachia mutu."

"Kanuni ya pombe ya kienyeji unaijua?"

"Naijua. Nilinyoosha mukono ilipopita."

"Na bado umeileta langoni kwa mwenyekiti."

"Hii si ya kuuza, mama," alisema mzee taratibu. "Hii ni ya kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Lile neno la Jumapili. Hukunijibu. Ulipiga kengele."

Bombani mtu alimeza kicheko, kikamtokea puani.

"Neno nililisikia," alisema Mama Vestina. "Mtaa mzima ulilisikia."

"Na unasemaje?"

Macho ya Mama Vestina yalikuwa juu ya ile mirija miwili. Mmoja ni wa nani? Na wa pili? Akili ya matroni ikafanya hesabu haraka, kama ilivyokuwa ikifanya ikikuta viatu viwili tofauti chini ya kitanda kimoja. Mrija mmoja wa Ndayisenga. Wa pili wa kumponza mwenyekiti! Anywe, aonekane, kesho isemwe kwamba mgeni mwenyewe kanuni zake hazifuati. Mtego!

Mtu aliyeishi peke yake muda mrefu akiona vitu viwili huamini kwamba kimoja ni kosa.

"Lete," alisema.

Mzee akamkabidhi kwa mikono miwili, ameinama kidogo, uso umeanza kufunguka. Kibuyu kilikuwa kimepata joto la kifua chake.

Mama Vestina alisogea hadi kwenye mtaro. Akang'oa jani. Akakiinamisha.

Tusimame, ndugu msomaji, tuvue kofia. Pombe ile ilitoka kwa heshima, goboo, goboo, goboo, ikateremka na mtaro ikipita mbele ya nyumba ya katibu, mbele ya duka, hadi bombani kwa akina mama, ambao walisogeza miguu ipite kama wanavyosogea msiba ukipita. Ile mirija ilienda nayo, bado imefungwa pamoja.

"Yesu wangu," alisema mmoja.

Mama Vestina alingoja fujo. Alijua fujo. Mwenye kosa akinaswa hulia, au hubisha, au humtaja mwenzake.

Mzee Ndayisenga alisema, "Nirudishie kibuyu, mama. Kilikuwa cha mama yangu. Alivuka nacho."

Akamrudishia. Bila kujua kwa nini, alimrudishia kwa mikono miwili.

"Basi umejibu," alisema mzee. "Asante kwa kunijibu mwenyewe. Wengine hutuma mutu."

Akavaa kofia. Akateremka barabara polepole, kibuyu kikining'inia mkononi, kitupu, hakibebwi tena kama mtoto.

Mama Vestina alibaki langoni. Ameshukuru, alijiambia. Kwa nini ameshukuru?

* * *

Siku iliyofuata alimwita Hilali.

"Shika."

Ilikuwa kengele. Ile kengele ya shaba, mpini umekolea jasho la mkono wake.

"Mama! Mkutano haujaitishwa. Hapajapigwa kura."

"Kura ilipigwa Jumapili. Walipiga kwa vigelegele."

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

Hilali akatazama sanduku la bati lililokuwa tayari mlangoni, akatazama ule uso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukatibu kitu kilimwasha moyoni.

"Mama, labda ungengoja kidogo. Kuna mambo mengine ukiyaangalia kwa..."

"Kwa nini?"

Hilali akafikiria mashine yake chini ya turubai. Akaifikiria ikiamka.

"Kwa... safari njema, mama."

Akaichukua kengele. Na njia nzima hadi kwake aliibeba ameukamata ulimi wake kwa vidole, isije ikasema kitu.

Jioni ile Mama Vestina alimpigia simu binti wa kaka yake.

"Shangazi! Shikamoo! Kumbe uko hai?"

"Marahaba. Ninakuja Sumbawanga. Nimeshakata tiketi, gari la Mpanda, keshokutwa alfajiri."

"Karibu sana, shangazi!" Mtoto akalia nyuma, mlango ukagongwa. "Kwa siku ngapi?"

Mama Vestina aliishika simu.

"Shangazi? Unanisikia? Nauliza tu, maana chumba cha wageni tumempangisha mwalimu."

"Mtandao," alisema Mama Vestina. "Mtandao unasumbua." Akakata.

Kwa hiyo huko nako. Mtu mmoja, mgeni pande mbili.

* * *

Siku ya mwisho, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, mikono yake ilikosa kazi. Hana kengele. Sanduku limefungwa. Ndipo miguu yake ikafanya ilichozoea: ikaenda kukagua.

Lazima tuseme ukweli kuhusu ukaguzi huu, maana wakazi wa Minyaani hawakuujua. Waliuona mwiba. Mwenyekiti anapita kila Jumamosi, anapima ua wa minyaa usizidi kifua, anahesabu mbuzi, anakemea nguo zilizoanikwa barabarani. Hawakujua kwamba ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kuingia nyumba za watu. Hodi ya kutembelea tu hakuwahi kufundishwa. Kosa lilimpa sababu. Mwenye nyumba asiye na kosa alimhuzunisha, kwa kuwa hapo hakuwa na la kusimamia.

Ua wa kwanza ulikuwa wa Safina, fundi cherehani, mama kijana mwenye ulimi mwepesi. Muhogo wake ulikuwa umeanikwa barabarani kabisa, mweupe, eneo zima.

"Safina."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Muhogo huu."

"Muhogo ndiyo, mama." Safina hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Leo utaniambia niutoe. Sawa, nitautoa. Lakini na mimi leo nakwambia. Wewe mama una roho ya chuma cha pua."

"Mimi?"

"Ungesema hapana, mbona tungeelewa? Mtu hapangiwi. Ungemrudishia kibuyu chake, ukamwambia baba, asante, mimi nimeshazoea. Yakaisha kiungwana. Lakini kumwaga! Mtaroni! Mbele za watu! Kwetu pombe ya namna ile haimwagwi, mama. Mama yangu amesikia hadi Heru Juu, hajala."

"Pombe ya namna gani?"

"Ile ya kuposa."

Ukungu ulisogea. Mahali fulani jogoo aliwika, bila kibali.

"Kuposa nani?" aliuliza Mama Vestina.

Sasa Safina aliinua macho. Akamtazama mwenyekiti wake mstaafu kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akitafuta utani. Hakuuona.

"Mama. Jumapili yule mzee alikwambia nini?"

"Aliniita mgeni."

"Alikuita *mugeni*. Umugeni!"

"Ndiyo. Mgeni."

"Uwiii!" Safina alijishika mdomo. Cherehani ikasimama. "Mama, umugeni si mgeni. Umugeni ni bibi harusi! Kwa Kirundi, hata sisi Waha, umugeni ni bibi harusi! Wewe uliuliza nani ana mgeni, mzee akasimama akasema bibi harusi ni wewe! Mama, ulikuwa utani wa karne! Ndiyo maana tulianguka! Mimi mwenyewe nililia machozi! Tukasema jamani, matroni anaolewa, sasa atapata wa kumkagua ndani!"

Akaanza kucheka tena kwa kukumbuka, akapiga paja, akafika katikati ya kicheko, akauona uso ulio mbele yake. Kicheko kikafa.

"Ulidhani tunakufukuza," alisema polepole.

Mama Vestina alikuwa anasikiliza mkutano ule upya. Makofi yaleyale. Vigelegele vilevile. Benchi lileile likianguka. Vyote vimegeuka, kama nguo iliyovaliwa ndani nje ikageuzwa upande wake.

*Wanataka utoke kwenye nyumba hii. Mtaa wote unataka.*

"Hilali," alisema.

"Hilali amefanya nini?"

"Amesema ukweli." Akashika nguzo ya kibaraza. "Safina. Kwenu, pombe iliyomwagwa inarudishwaje?"

"Hairudi, mama. Inakamuliwa nyingine." Safina alishusha sauti. "Au mtu anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, anasema nilikosea. Lakini sijawahi kuona. Wanawake hatujafika huko."

"Yuko nyumbani?"

"Jana alikwenda Kibondo. Leo alfajiri nimemwona anashuka kwenye gari, ana mizigo. Mama! Muhogo unaukanyaga!"

* * *

Usidhani alikimbia moja kwa moja, msomaji. Moyo wa matroni haukimbii bila ratiba. Alirudi nyumbani. Alioga. Alivaa gauni la bluu ambalo tangu lishonwe limeona Pasaka tu. Akasimama mbele ya kioo akijifunza la kusema.

"Mzee Ndayisenga, nimekuja kuhusu ule ua."

Hapana.

"Mzee Ndayisenga, kufuatia kikao cha Jumapili..."

Hapana!

Alijaribu hadi jua likaanza kuegemea. Matroni aliyehutubia mabweni ya wasichana watukutu bila kipaza sauti alikosa sentensi moja isiyokuwa na kanuni ndani yake. Mwisho akatoka bila sentensi. Lango lake akaliacha wazi, kosa lake la kwanza.

Nyumba ya Mzee Ndayisenga iko mwisho wa mtaa, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea mashamba ya maharage. Ua wake wa minyaa ulikuwa umekatwa kwa kipimo, kifuani, umenyooka kama umepigwa rula. Mtu huyu alitii kila kanuni. Isipokuwa tawi moja.

Mama Vestina alisimama.

Kila Jumamosi, karibu na lango, palikuwa na tawi moja limechomoza. Moja tu. Kila Jumamosi alilazimika kusimama, kuita, "Mzee Ndayisenga, tawi!" Naye hutoka, kofia mkononi, "Samahani mama, limenipita." Hapo huongea kidogo. Mvua. Bei ya maharage. Shamba la Kagerankanda. Halafu hulikata mbele yake, taratibu, kama mtu asiyetaka limalizike. Na Jumamosi ijayo tawi linangoja palepale.

Mwenye panga kali vile, mwenye jicho vile, tawi lilimpitaje kila wiki?

Alilitafuta tawi lile kwenye ua. Akapapasa, utomvu mweupe ukamganda vidoleni.

Lilikuwa limekatwa. Safi. Hapakuwa na kosa lolote la kumsimamishia mtu.

Akagonga lango. "Hodi."

Ilikuwa hodi ya kwanza ya maisha yake isiyo na ukaguzi ndani, na ilitoka ndogo.

"Hodi?"

Hatua zikasikika uani. Nyepesi. Si za kiatu cha mzee.

Lango likafunguliwa na mwanamke. Wa makamo, mrefu, kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani, nywele zimesukwa jana au leo. Nyuma yake, barazani, kibuyu kile kimeoshwa na kuegeshwa juani. Kando yake masanduku mawili.

"Karibu, mama," alisema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, cha Wakongo. "Baba haiko. Ameenda kutafuta ndizi za kukamua. Amesema mutu akikuya, nimukaribishe."

"Ndizi," alisema Mama Vestina.

"Ndizi ya pombe. Anasema ile ingine iliharibika."

"Wewe... unaitwa nani?"

"Miye Therese."

"Umeripotiwa?" Lilimponyoka! Mungu amsamehe, lilimponyoka.

"Ndiyo, mama. Asubuhi. Kwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mi..."

Hakumaliza. Juu mtaani kengele ililia, vibaya, na mkono usioijua. Na nyuma ya kengele kitu kikakohoa, kikaguna, kikanguruma: mashine ya kusaga ya katibu imeamka, na mabati ya Minyaani yakaanza kutetemeka nyumba hadi nyumba.

Mama Vestina aliishika nguzo ya lango kwa vidole vilivyoganda utomvu. Ikabidi apige kelele, yeye aliyeandika kanuni ya kelele, swali ambalo katika maisha yake yote lilikuwa la kiofisi tu.

"Wewe ni nani wake?"

Therese akaweka mkono sikioni, akasogea, akatabasamu. Akajibu kwa sauti kubwa, juu ya mashine, neno kwa neno:

"Miye ni mugeni wake!"

Ile u, msomaji! Mama Vestina aliisikia vizuri kabisa. Lakini Wakongo nao husema mutoto, na mutu, na muguu.